Treni ya Makopo na Somo la Uwiano

Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo karibu na reli hukuta jambo moja bila kulitafuta: watoto wanaounda treni. Katika tambarare ya Same, chini ya Milima ya Upare, treni hizo huundwa kwa makopo ya samaki, magurudumu yaliyokatwa katika ndala kuukuu, na miti mikavu ya mkonge, ambayo ni myepesi na hukatika hata kwa kisu butu. Huvutwa kwa kamba uwanjani mpaka kengele inapolia. Hapo ndipo mwalimu huzikusanya na kuzifungia kabatini, ama huzitupa. Shabaha ya makala haya ni kueleza kwamba mwalimu huyo anatupa zana ya kufundishia ambayo huenda ni bora kuliko zote zilizomo kabatini mwake.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu huyo. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimnyang'anya mwanafunzi wa darasa la tano treni ya mabehewa matatu, nikaitupa jalalani mbele ya wenzake, kwa sababu aliikokota mstarini. Juma lilelile nilisimama ubaoni kufundisha uwiano. Nikaandika namba mbili na nukta mbili kati yake, nikatamka kanuni, nao wakaikariri kwa sauti. Nilipouliza maana yake, hakuna aliyenyosha kidole. Yule mtoto alikuwa ameketi nyuma, kimya. Mabehewa yake yalikuwa sawa kwa urefu, na madirisha yake yalipangwa kwa nafasi zilizolingana. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuufikia uwiano kabla yangu. Tangu siku ile hakuleta tena shuleni kitu chochote alichokiunda.

Yafaa tukumbuke kwamba treni ndogo si mchezo wa watoto wa Same peke yao. Mwaka 1934 kampuni za reli za Marekani zilileta treni mpya za abiria zenye umbo lililochongoka ili kuukata upepo. Mojawapo, Zephyr, ilikwenda kutoka Denver hadi Chicago tarehe 26 Mei mwaka huo, kilomita zipatazo 1,633, kwa muda wa saa 13 na dakika 5. Mwaka huohuo kiwanda cha Lionel kilianza kuuza mfano mdogo wa nyingine, M-10000. Huko Uingereza, kichwa cha mvuke kiitwacho Mallard kilifikia mwendo wa kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938. Mpaka leo mifano ya treni hizo huundwa kwa skeli maalumu, na watu wazima huinunua na kuitunza. Skeli inayotumika sana ni 1:87. Reli pana ya kawaida ina upana wa milimita 1,435; ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya mfano. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuihakiki mwenyewe.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kabati la mkusanyaji na darasa. Kwa mkusanyaji, mfano wenye thamani kubwa ni ule ambao haujachezewa, ungali na boksi lake la dukani, rangi yake haijachubuka. Kwa mwalimu mambo ni kinyume. Mfano ambao haujaguswa haujamfundisha mtu. Thamani yake huanza pale mtoto anapoupima, anapokosea, anapoukata upya na kuupima tena. Kwa hiyo sisemi kwamba shule zinunue treni za bei kubwa. Ninalosema ni kwamba treni ya makopo, ikitiwa kipimo, inakuwa somo kamili; na isipotiwa kipimo inabaki kuwa mchezo mzuri tu. Kazi ya mwalimu ni kukitia kipimo hicho.

Watoto wa Same wanayo sababu yao wenyewe ya kujifunza kwa njia hii. Reli iliyopita mjini kwao ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Treni za abiria zilisimama katika njia hiyo kwa takribani robo karne, zikarejea Desemba 2019. Tena, jina la mlima wao limeandikwa katika historia ya reli. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya mvuke kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, navyo vikapewa majina ya milima. Vilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kupita juu ya reli ya upana wa mita moja. Kichwa namba 5930 kiliitwa Mount Shengena, yaani Mlima Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Vichwa hivyo vilikusudiwa kazi ya njia ya Mombasa na Nairobi, na Shengena ya chuma imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni watoto wangapi wanaouona mlima huo kila asubuhi ambao wamepata kuambiwa habari hiyo?

Basi na tuitengeneze Shengena darasani. Kichwa hicho kilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Tukichagua skeli ya 1:50, mita 32 zinakuwa sentimita 64, na reli ya mita moja inakuwa sentimita 2. Kila kundi lipewe rula, kipande cha boksi, makopo na mti wa mkonge. Kwanza wanafunzi wachore kwenye karatasi, wakokotoe, waandike vipimo, kisha ndipo wakate. Kazi ikikamilika, mwalimu aulize: je, kama tungeujenga na mlima wenyewe kwa skeli hiyohiyo, ungekuwa na kimo gani? Shengena ina kimo cha mita 2,462. Gawanya kwa 50: mita 49 na ushei. Watoto watoke nje, waupime urefu huo uwanjani kwa hatua, na ile treni ya sentimita 64 iwekwe mwanzoni mwa mstari. Hakika hapo mmoja atauliza, "Mwalimu, mlima unaanzia wapi?" Swali hilo ni mlango wa jiografia, kwa kuwa kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa bahari, wala si kutoka stesheni ya Same.

Somo la pili ni la sayansi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, treni ya umeme ambayo wananchi wanaijua kwa jina la mchongoko imekuwa ikibeba abiria katika reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Watoto huuliza kwa nini isije Same. Wapime: kwa skeli ya 1:50, reli mpya ina upana wa milimita 28.7, na ya kwao milimita 20. Waweke magurudumu ya treni moja juu ya reli ya nyingine, nao watajijibu bila hotuba. Kisha waulizwe sababu ya ule mchongoko. Kadi bapa ikishikwa mbele ya upepo husukumwa kwa nguvu. Ikikunjwa kama kabari na ncha ikaelekea upepo, husukumwa kidogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa hiyo treni ya mwendo mkubwa hufaidika na umbo hilo, na treni ya mwendo wa pole haifaidiki sana.

Najua wako walimu watakaopinga. Wa kwanza atasema kwamba muda hautoshi na mtihani unasubiri. Namjibu kwamba vipindi viwili vilivyounganishwa vya hisabati na kazi za mikono vinatosha kwa kuchora na kukata, na kwamba muda unaopotea zaidi ni ule wa kurudia kanuni isiyoeleweka. Wa pili atasema kwamba darasa lina wanafunzi wengi. Agawe makundi ya sita sita, kila kundi liunde kipande kimoja, na vipande vyote viunganishwe. Hapo itadhihirika nani amekosea kipimo, maana kipande chake hakitaoana na vya wenzake. Wa tatu atasema kwamba mfano wa kiwandani ni sahihi zaidi. Ni kweli. Kama shule imebahatika kupewa mmoja, utolewe kwenye boksi lake ukapimwe kwa mikono ya watoto.

Kuna tahadhari tatu. Mwalimu asiwapeleke watoto kupima njiani kwenye reli. Vipimo vya treni halisi viombwe kwa mkuu wa stesheni. Asiwaachie wavulana kukata na wasichana kutazama. Wala asitoe alama kwa uzuri wa rangi; alama zitolewe kwa usahihi wa kipimo na kwa mwanafunzi kueleza alikipataje.

Wapare wa kale walisifika kwa ufuaji wa chuma, na jina la ukoo wa Washana limebaki katika historia kwa kazi hiyo. Mfua chuma hakufundishwa kwa kukariri jembe. Alilishika, akalipima kwa jicho na kwa mkono, akalirudisha motoni lilipokosewa. Elimu ya Kujitegemea, tuliyoitangaza mwaka 1967, ilitutaka tusitenganishe akili na mikono ya mtoto. Nasi, ndugu mwalimu, tunaitenganisha kila tunapofungia kabatini kitu alichokiunda.

Utakapokwenda kwenye mazoezi, utamkuta mtoto huyo mstarini na kamba mkononi. Mwambie aiweke treni yake pembeni mpaka kipindi cha hisabati. Kipindi kikifika, mpe rula, umwombe aje nayo mbele ya darasa.