TUSIMHUKUMU BEKI KWA KOSA MOJA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini hapa shuleni kwetu, hasa pale uwanjani, methali hii tumeitupa jaani. Mshambulizi akikosa mabao matano tunamwambia, "Pole ndugu, leo haikuwa siku yako." Beki akikosea mara moja tu, basi kwisha maneno yake. Ninaandika makala haya kwa sababu jambo hili limenikera, na pia kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokosa.

Wengi wenu mnakumbuka mechi yetu ya mwisho ya muhula uliopita. Tulikuwa sare, dakika zimeyoyoma, wapinzani wakapiga kona. Beki wetu wa kushoto aliruka ili auondoe mpira kwa kichwa. Kumbe! Gozi liligonga utosi wake likatua ndani ya wavu wetu wenyewe. Tukatolewa mashindanoni. Siku iliyofuata alipoingia darasani aliitwa "Kumi na Mbili", maana eti wapinzani walikuwa na wachezaji kumi na wawili siku hiyo. Shule nzima ilicheka. Ndugu msomaji, jina hilo nililibuni mimi. Tangu siku hiyo mwenzetu hajagusa mpira. Kengele ya saa kumi ikilia, huyoo, anashika njia ya nyumbani.

Jumapili moja nilimsimulia mjomba kisa hicho nikitarajia acheke. Mjomba ni shabiki sugu wa Liverpool. Hakucheka hata kidogo. Aliniambia, "Mpwa wangu, hata sisi tulimtenda mtu hivyo hivyo. Aliitwa Riise."

John Arne Riise ni raia wa Norwei aliyezaliwa mwaka wa 1980. Alianza soka ya watu wazima katika timu ya Aalesund, akaenda Monaco iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka wa 2000, kisha akajiunga na Liverpool mwaka wa 2001. Alikuwa beki wa kushoto mwenye nywele nyekundu na mguu wa kushoto kama mzinga. Aliichezea Liverpool mechi 348 na kufunga mabao 31. Hayo si machache kwa beki!

Mwaka wa 2005, kule Istanbul, Liverpool ilikuwa nyuma kwa mabao matatu kwa nunge dhidi ya AC Milan katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Bao la kwanza la kurudi mchezoni Steven Gerrard alilifunga kwa kichwa, na krosi ilitoka kwa nani? Kwa Riise. Mechi iliishia mabao 3-3 na kuamuliwa kwa penalti. Mkwaju wa Riise ulipanguliwa na Dida, lakini wenzake walimbeba na Kombe likaja Liverpool. Mwaka wa 2007 alifunga bao la ushindi huko Barcelona, na kwa mguu wa kulia, ule ambao watu walisema hana!

Sasa sikilizeni yaliyompata tarehe 22 Aprili 2008. Ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool na Chelsea, uwanjani Anfield. Liverpool walikuwa mbele kwa bao la Dirk Kuyt. Riise aliingia kama mchezaji wa akiba baada ya Fabio Aurelio kuumia. Katika dakika za nyongeza Salomon Kalou alipiga krosi, Riise akainama kuuondoa mpira kwa kichwa, ukaingia katika lango lake mwenyewe. Ikawa 1-1. Katika mechi ya marudiano Chelsea walishinda 3-2 baada ya muda wa ziada, wakaenda fainali. Miezi michache tu baadaye Riise alihamia Roma ya Italia.

Mjomba anasema watu waliokuwa wakiimba jina lake kwa miaka saba walianza kumkumbuka kwa kichwa kimoja tu. Mechi 348 zikawa si kitu!

Lakini jamaa hakukata tamaa. Januari 2010 Roma walicheza ugenini dhidi ya Juventus. Mechi ikiwa 1-1, dakika za nyongeza zikayoyoma, ikaja krosi. Riise akaupiga mpira kwa kichwa, ukaingia wavuni, Roma wakashinda 2-1. Ni kichwa kile kile na ni dakika zile zile za lala salama! Aidha, aliendelea kuichezea nchi yake hadi akafikisha mechi 110, akaipita rekodi ya mechi 104 ya Thorbjørn Svenssen, beki mwingine, ambayo ilikuwa imekaa tangu mwaka wa 1962. Je, kama angetundika viatu Aprili ile?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kosa la beki hugharimu mechi, la mshambulizi halidhuru. Haidhuru vipi? Siku ile yetu washambulizi wetu walipiga mipira mitatu nje wakiwa wamebaki na kipa peke yake. Mmoja tu angaliingia, tungalikuwa tunasimulia mengine. Na kumbukeni kwamba anayejifunga huwa amekimbia hadi mahali pa hatari. Mvivu aliyesimama katikati ya uwanja akijishika kiuno hawezi kujifunga. Atajifunga saa ngapi?

Kwa maoni yangu, mambo mawili yafanyike. Kwanza, siku ya kutoa zawadi kuwe na tuzo ya mlinzi bora, wala si ya mfungaji bora peke yake kama ilivyo sasa. Walimu wetu wa michezo, tafadhali lifikirieni hilo. Pili, sisi wanafunzi tuache kubandikana majina. Mtu anaweza kusamehewa na mwalimu na mzazi, lakini jina la utani humfuata hadi kituo cha matatu.

Kabla ya kutia nanga, nina neno kwa beki wetu. Ndugu yangu, nilikuja dawatini pako wiki jana nikakuomba radhi, ukasema yamekwisha. Sijui kama yamekwisha kweli, kwa maana saa kumi ulipofika uliondoka tena. Sasa naomba radhi mbele ya shule nzima, kwa kuwa mbele ya shule nzima ndipo nilipokukosea. Mazoezi ni Jumatatu na Jumatano. Nafasi ya kushoto bado haina mwenyewe.