Maabara za mpakani zisifanye kazi kila moja kivyake

KONGO ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mazungumzo mengi hapa Arua na Koboko yalihusu ushuru, viza na bei ya mafuta. Si ajabu, maana hayo ndiyo yanayotulisha. Lakini lipo swali ambalo wafanyabiashara wa mpakani hatujaliuliza, nalo linaweza kufunga soko la Ariwara kwa siku moja. Damu ya mgonjwa ikichukuliwa upande huu na nyingine upande ule, ni nani anayezilinganisha?

Chukua tauni. Ugonjwa huu haujahama milima iliyo kati ya Zombo na Mahagi. Panya ni wale wale na viroboto ni wale wale. Machi 2019 tauni ya mapafu iliripotiwa wilayani Zombo, ikianzia kwa mama aliyetoka upande wa Mahagi. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI) iliweka maabara ya tauni hapa Arua, na kwa miaka mingi imefanya kazi na wataalamu wa CDC ya Marekani. Majimaji ya mtoki huoteshwa, bakteria hutambuliwa, kisha huhifadhiwa. Upande wa pili sampuli huelekea Bunia au Kinshasa, na Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Aru. Ilhali kutoka Arua hadi Aru mtu huenda kwa bodaboda na kurudi kabla ya adhuhuri!

Huenda msomaji akauliza, mgonjwa akishapona, kijidudu chake cha kazi gani? Jibu liko Madagaska. Mwaka 1995 mgonjwa mmoja wa tauni huko alikutwa na bakteria isiyosikia dawa kadhaa zinazotumika kuutibu ugonjwa huo. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu bakteria ile ilioteshwa, ikapimwa kwa kila dawa, ikatunzwa. Sisi tunaonunua vidonge madukani bila cheti, leo Ariwara, kesho Koboko, tunapaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua kama dawa hizo bado zinafanya kazi.

Jina la mkoa wetu lenyewe limo katika hifadhi hizo. Mwaka 1937 watafiti kutoka Entebbe, waliokuwa wakitafuta homa ya manjano, walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa kijijini Omogo. Walichokipata wakakiita virusi vya West Nile. Virusi vile vilitunzwa, vikagawiwa kwa maabara za ng'ambo, na hadi leo wataalamu huvitaja kwa namba yake, B956. Mwaka 1999 watu walipougua New York, mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa mwingine. Ukweli ulipatikana kwa kulinganisha na virusi vilivyokwisha kuwekwa akiba. Nawafundisha watoto wanaosikia jina la mkoa wao katika habari za Ulaya na Marekani, na wengi hawajui limefikaje huko.

Taasisi hiyo ya Entebbe ilianza mwaka 1936, na kuanzia 1950 iliitwa ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 ikawa ya Uganda peke yake. Kwa hiyo ushirikiano si wazo geni kwetu. Kuanzia 2010 mradi wa Benki ya Dunia uliunganisha maabara za nchi za Jumuiya, na ya hospitali ya rufaa ya Arua ilikuwa mojawapo. Mwaka 2020 Jumuiya ikagawa magari tisa ya maabara. Kongo haikuwa mwanachama wakati huo, ingawa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alipatikana Ariwara kwenyewe.

Sasa Kongo imo, na Sudan Kusini imo tangu 2016. Kikwazo kilichobaki ni hofu. Kila serikali inaogopa kwamba ikitoa vijidudu vyake, wengine watatengeneza dawa au chanjo na kuiuzia. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai kibali cha nchi na mgawo wa faida. Kwa maoni yangu kianze kuvuka daftari. Kila maabara ibaki na vijidudu vyake, lakini orodha yake isomeke Arua, Bunia na Juba: kimepatikana wapi, lini, na kinasikia dawa gani. Sisi tulioanza shule upande wa Zaire na kurudi tunajua kwamba lugha haitakuwa tatizo. Kikakwa kinasemwa pande zote tatu za Koboko, na Kiswahili kinafika Bunia.

Halafu kuna umeme. Vijidudu vingi hutunzwa katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila mkazi wa Arua anakumbuka miaka ya jenereta. Jokofu likizimika siku mbili, kazi ya miaka kumi huoza. Kwa hiyo kila kilichomo Arua kiwe na nakala yake Entebbe, na cha Bunia kiwe na nakala Kinshasa, kwa mkataba wa maandishi unaosema ni mali ya nani.