Josho la Ng'ombe Si la Punda

Katika nyanda za Dodoma, punda ndiye abebaye maji, kuni na mavuno ya mkulima. Anaposumbuliwa na kupe na nzi, mfugaji aweza kushawishika kumpitisha katika josho la ng'ombe. Hilo ni jambo la hatari. Amitrazi, dawa ya kuulia kupe wa ng'ombe, humlegeza punda, huzuia matumbo yake yasifanye kazi, na yaweza kumwua.

Dawa hutaka utaratibu. Ndugu zetu wa visiwani ni mashahidi: kwa dawa iliyotumiwa kwa mpango, pamoja na madume tasa, Unguja ilitangazwa mwaka 1997 kuwa haina mbung'o.

Tunawataka wakuu wa mifugo waandike onyo hili kwa Kiswahili penye kila josho. Naye mfugaji aulize kwanza, ndipo anyunyize. Shukrani yetu kwa punda isiwe sumu.