DPP atupe sababu

Machi 4, 2022, upande wa mashtaka ulisimama mbele ya Jaji Joachim Tiganga wa Mahakama Kuu na kutamka maneno ambayo kila wakili wa jinai nchini anayajua: Jamhuri haina nia ya kuendelea na kesi. Kesi ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, na wenzake watatu ikaishia hapo. Siku hiyo hiyo Mbowe akawa Ikulu, amekaa na Rais Samia Suluhu Hassan wanazungumza.

Turudi nyuma wiki mbili tu. Februari 18, jaji huyo huyo alikuwa amepima ushahidi wa upande wa mashtaka na kuona kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Si jambo dogo. Mahakama ilikuwa imesema ushahidi uliopo unatosha kuwataka wajitetee. Sasa ndani ya siku 14 kilitokea nini? Kuna shahidi aliyegeuka? Kuna kielelezo kilichogundulika kuwa cha uongo? Hatukuambiwa, na sheria haikumlazimisha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) atuambie.

Kila kambi ikajaza ukimya huo ilivyopenda. Wapinzani walisema ndiyo maana tulisema tangu mwanzo kesi ni ya kubambikiwa. Wa upande wa pili wakasema ni busara ya Rais, mama kasamehe. Ukiyachunguza majibu yote mawili yanatisha. Kama kweli watu wale walipanga kulipua vituo vya mafuta na kumdhuru kiongozi wa serikali, basi tuhuma za ugaidi zimefutwa bila kufika kwenye hukumu, na wananchi wana haki ya kuuliza usalama wao umewekwa wapi. Kama si kweli, basi mtu alikaa mahabusu zaidi ya miezi saba, na wenzake, wanajeshi wa zamani waliokamatwa mwaka 2020, walikaa zaidi ya hapo, bila kosa. Huwezi kusamehewa kitu ambacho hukukutwa na hatia yake.

Tuseme na hili, ingawa halitawafurahisha wengi. Kiongozi aliyetajwa kwenye mashtaka yale kama mlengwa ni Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Wakati kesi ya Mbowe inaendelea, Sabaya mwenyewe alikuwa kizimbani Arusha, na Oktoba 2021 akahukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wengi waliokuwa wakipiga kelele kwamba kesi ya Mbowe ni siasa walishangilia. Mei 2022 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu ile. Shangwe zikahamia ng'ambo, na waliokuwa wakiisifu mahakama wakaanza kuitilia shaka. Kwetu sisi neno "kesi ya kisiasa" limekuwa jina la kesi yoyote inayomgusa mtu wetu.

Hata wakati wa kukamatwa hautoshi kuwa ushahidi. Ni kweli Mbowe alikamatwa Mwanza Julai 2021, chama chake kikijiandaa kufanya kongamano la Katiba Mpya jijini humo, kwa mambo yaliyodaiwa kutendeka mwaka uliotangulia. Inanuka, hatukatai. Lakini mwanasiasa siku zote ana uchaguzi uliopita au unaokuja, ana mkutano kesho au maandamano wiki ijayo. Tukikubali kalenda iwe utetezi, hakuna mwanasiasa atakayeshtakiwa hata akikutwa na fedha za umma uvunguni.

Tunachoamini sisi ni kwamba kesi ya mwanasiasa hupimwa vizuri zaidi inapotoka mahakamani kuliko inapoingia. Ikiisha kwa hukumu, kuna maandishi ya jaji ya kusoma na rufaa ya kukata. Ikiisha kwa DPP kukunja jalada, hakuna cha kusoma. Mshtakiwa haondoki na cheti cha usafi, maana kuondolewa mashtaka kwa njia hiyo si kuachiwa huru kwa hukumu, na sheria inaacha mlango wa kumshtaki tena.

Wakenya walijaribu kumzuia DPP wao kukunja jalada atakavyo. Ibara ya 157 ya Katiba yao ya 2010 inasema DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Rigathi Gachagua alishtakiwa Julai 2021, akiwa mbunge wa Mathira, kwa madai ya kujipatia kwa njia zisizo halali shilingi bilioni 7.3 za huko. Alisema anaandamwa kwa kuwa yuko upande wa William Ruto. Septemba 2022 Ruto akaapishwa kuwa Rais, Gachagua akawa Naibu wake. Novemba, DPP Noordin Haji, yule yule aliyeidhinisha mashtaka, akaomba kuyaondoa, na mahakama ya Milimani ikakubali.

Utasema basi ruhusa ya mahakama haikusaidia kitu. Ilisaidia kimoja. DPP alilazimika kutoa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya aibu: kwamba kesi ilipelekwa mahakamani kwa shinikizo la wakuu wa upelelezi kabla haijaiva. Ibara hiyo hiyo inasema DPP hapokei maagizo ya mtu yeyote. Kwa hiyo ama alikubali kusukumwa mwaka 2021, ama alisukumwa mwaka 2022. Mkenya anaweza kumuuliza swali hilo akiwa na kumbukumbu za mahakama mkononi. Mtanzania aliyetaka kuuliza kuhusu Machi 4 hana hata karatasi.

Katiba yetu nayo haiko kimya. Ibara ya 59B inamtaka DPP awe huru, asiingiliwe, na azingatie haja ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki na maslahi ya umma. Maneno mazuri. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu aondoe shauri wakati wowote kabla ya hukumu, kwa kutamka tu au kwa barua. Tutajuaje kama aliyazingatia hayo, au alipigiwa simu?

Swali hili ni zito zaidi pale shtaka lenyewe linapokuwa halina dhamana. Ugaidi hauna dhamana, uhaini hauna dhamana. Tundu Lissu, aliyemrithi Mbowe katika uenyekiti wa CHADEMA, alifikishwa Mahakama ya Kisutu Aprili 10, 2025 kwa shtaka la uhaini, na Oktoba 29, siku ya kupiga kura, alikuwa bado mahabusu. Hatutasema kama ana hatia au hana. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ila anayechagua kifungu cha kumshtakia mtu ndiye pia anayeamua kama mtu huyo atalala kwake au gerezani mpaka kesi iishe, na hakimu hapo mikono yake imefungwa. Kwa mwanasiasa, miezi sita ya mahabusu kabla ya uchaguzi ni adhabu tosha hata kama mwishoni Jamhuri itasema haina nia ya kuendelea. Kwa bodaboda au muuza duka aliyebambikiwa kesi isiyo na dhamana ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna atakayeandika habari zake.

Ofisi ya DPP itasema kuna siri: watoa taarifa wa kulinda, mambo ya usalama wa nchi. Sawa. Sehemu hiyo asome jaji peke yake faraghani, na nyingine isomwe hadharani. Bunge libadilishe kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachomruhusu DPP kuondoa shauri, ili mwendesha mashtaka akisimama kuondoa kesi aseme na sababu, na mahakama iwe na uwezo wa kuikataa. Na pale kesi inapoondolewa baada ya mshtakiwa kukutwa na kesi ya kujibu, asishtakiwe tena kwa mambo yale yale.