Mgomba si takataka, lakini msituuzie hadithi nusu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Pita Daraja Mbili siku ya soko uone vile ndizi zinapakiwa kwa malori. Sasa fikiria huko shambani: mgomba huzaa mara moja tu, ukishakata mkungu, shina linaangushwa liozee hapo. Na ndani yake kuna nyuzi ngumu za kuchanganywa na plastiki inayooza, kama ile ya PLA inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa.

Juzi jamaa fulani alikuja kwa chama cha mamangu. Changeni mnunue mashine ya kutoa nyuzi, soko liko. Akaonyesha sahani. Nikaikunja, ikavunjika, na pale ilipovunjika nyuzi zilikuwa zimechomoka safi, hazijashikwa na plastiki hata kidogo. Nikashuku hapo hapo: hizi hazikuloweshwa dawa.

Iko hivi. Uzi wa mgomba unapenda maji, plastiki haiyapendi. Tena uzi umepakwa nta na gundi ya mmea, kwa hivyo plastiki inateleza tu. Ukiuloweka kwa kostiki soda, ile ile ya wapika sabuni, hiyo nta inatoka, uzi unabaki na mikwaruzo na plastiki inapata pa kushika. Maabara mara nyingi hutumia kama gramu 50 kwa lita ya maji. Ukizidisha sana, unakula selulosi yenyewe, na hiyo ndiyo nguvu ya uzi. Halafu unasuuza, unatia asidi kidogo kama ya siki kuua ukali, unakausha kabisa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, najua mtaniambia nisijifanye profesa. Sawa. Lakini kostiki inachoma ngozi na inaweza kupofusha, na huyo jamaa hakutaja glavu hata mara moja. Wala hakusema maji ya kusuuza yatamwagwa wapi. Hapa Kisii jibu tunalijua: Nyakomisaro. Kwani huo mto umebaki na nini?

Sipingi nyuzi, nataka hao kina mama wapate hela. Ila mashine ndiyo sehemu rahisi. Kabla ya kuchanga, wadai mafunzo ya hiyo dawa, tangi la kutibu maji machafu, na sahani ipimwe na mtu ambaye haiuzi. Mamangu ameshikilia pesa yake kwanza. Jamaa anarudi Alhamisi, na mimi nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.