Vitabu vya Akili za Watu: Tununue Kipi?



Vitabu vya kueleza jinsi watu wanavyofikiri na kutenda vinauzwa sana siku hizi, na bei yake si ndogo kwa mtu wa mshahara. Twaona inafaa tuulize maswali mawili kabla ya kutoa fedha.

La kwanza: kimeandikwa kwa faida ya nani? Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipiga chapa Nairobi kitabu cha Daktari J. C. Carothers juu ya Mau Mau. Watu walikuwa wakidai ardhi na uhuru, lakini yeye alieleza kwamba akili zao zilibabaika kati ya mila na mambo mapya. Mtawala alifurahi kusikia kwamba kosa si lake. Hata leo mwajiri aweza kusema vivyo hivyo juu ya mfanyakazi anayedai haki.

La pili: mwandishi amejuaje? Vijana wengi wanapenda The 48 Laws of Power cha Robert Greene, cha mwaka 1998. Kitabu hiki chachukua hadithi za wafalme na majemadari na kuzifanya sheria. Lakini mtu kushinda si ushahidi kwamba hila yake ndiyo iliyomshindisha. Tena chamfundisha msomaji kuficha nia yake na kujipatia sifa kwa kazi ya wenzake. Chama cha watu wa namna hiyo kitasimamaje mbele ya mwajiri?

Sisi twachagua Influence cha Robert Cialdini, cha mwaka 1984. Huyu ni mtaalamu aliyetumia majaribio, tena akaingia katika mafunzo ya wauzaji ili azione mbinu zao. Aeleza kwa nini zawadi ndogo hutufanya tujione tuna deni, na kwa nini tukiambiwa “mwisho ni leo” twakimbilia. Anayejua hayo hatatia sahihi karatasi ya mkopo, wala mapatano ya kazi, kabla ya kuisoma.

Hata hivyo, majaribio mengi yamefanywa Marekani, na kitabu ni cha Kiingereza. Basi tukisome kwa mwethya, kama tunavyochimba matuta ya shamba. Kila tawi linunue kimoja, ajuaye Kiingereza asome na kufasiri, na wengine waulize: je, kwetu ni hivyo? Kidole kimoja hakivunji chawa.