Fedha iliyofukiwa hemani

Yoshua alipopigwa na watu wa Ai alirarua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni. Watu 36 walikuwa wamekufa, tena kwa mji mdogo tu. Ukisoma Yoshua sura ya 7 utaona Mungu hakuyasifu maombi yale. Alimwambia ainuke. Kulikuwa na kitu kimefichwa kambini: vazi zuri, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu, vimefukiwa ndani ya hema la Akani. Aliyechukua alikuwa mmoja, waliokufa walikuwa wengine.

Nimeikumbuka sura hiyo nikiwasikiliza watu wakiwalaumu waandishi wa habari kwamba wanachafua jina la nchi na kufukuza wahisani. Lawama hiyo tusiipuuze, maana ina ukweli ndani yake. Tuvuke Mto Ruvuma tuwatazame jirani zetu wa Msumbiji.

Kati ya 2013 na 2014, kampuni tatu zenye uhusiano na serikali zilikopa takribani dola bilioni 2 za Marekani, kwa maelezo kwamba ni za meli za kuvua jodari na vyombo vya kulinda pwani. Serikali iliweka dhamana bila idhini ya Bunge, na zaidi ya nusu ya mkopo huo wananchi hawakuambiwa. Aprili 2016 gazeti la Wall Street Journal likaandika. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likasimamisha fedha zake, wahisani waliokuwa wakichangia bajeti nao wakafunga mkono, sarafu ikaporomoka. Mama muuza mihogo wa Nampula hakuwahi kukanyaga meli hata moja kati ya zile, lakini bei zilipopanda, zilimpandia yeye.

Je, aliyemwumiza ni mwandishi? Deni lilikuwepo miaka kabla ya habari kuchapwa, na riba ilikuwa ikihesabiwa kimya kimya. Mwandishi alifukua tu. Manuel Chang, waziri wa fedha aliyesaini dhamana zile, alihukumiwa jijini New York Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu. IMF nayo ilirudi na programu mpya mwaka 2022, baada ya ukaguzi na kesi. Mlango wa misaada ulifunguka tena baada ya mambo kuwekwa wazi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilikadiria mwaka 2020 kwamba karibu dola bilioni 89 hutoroshwa Afrika kila mwaka. Nabii Hagai alisema habari za mtu atiaye mshahara wake katika mfuko uliotoboka. Sisi tunapitisha kapu kwa wahisani huku mfuko wenyewe ni huo.

Kufukua kuna gharama. Ni Msumbiji hiyo hiyo iliyomzika Carlos Cardoso. Gazeti lake, Metical, lilikuwa kurasa chache zilizotumwa kwa wasomaji kwa faksi. Alikuwa akifuatilia wizi wa takribani dola milioni 14 katika benki moja. Novemba 22, 2000 akapigwa risasi jijini Maputo.

Sisemi waandishi wote ni wa namna hiyo. Bahasha tunazijua, na wapo wanaozipokea mlangoni kabla hata mkutano haujaanza.

Lakini nani ataanza kurusha jiwe? Miaka michache iliyopita, katika harambee ya kuezeka kanisa letu, mgeni mmoja alitoa kiasi kilichozidi michango ya usharika mzima. Akina mama walipiga vigelegele, kwaya ikaimba. Hakuna aliyeuliza fedha ile imetoka wapi. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati, nimekaa mstari wa mbele, na swali nilikuwa nalo. Niliogopa kuambiwa nachafua jina la kanisa.

Leo tutakapowaombea viongozi na wagonjwa, tuwataje kwa Bwana na hawa wanaofukua mahemani. Kamati yetu inakutana Jumamosi ijayo kupanga harambee ya uzio. Safari hii nitauliza.